Sistimu Imelala, Benchi Limesogea

Juzi nilikuwa Nyeri, katika ofisi ambayo foleni yake ni benchi moja refu. Mmoja akiitwa dirishani, sisi wengine tunasogea tukiwa tumekaa. Saa nne karani akatuchungulia, akasema kwa upole, kama anayezungumzia mtoto mchanga: "Sistimu imelala. Ngojeni."

Mama mmoja aliyevaa gambuti za shambani akamshika bintiye bega. "Si huyu wangu aingie aiamshe! Anasomea hiyo kitu yunivasiti."

Msichana akafunika uso kwa viganja. "Mami, mimi sitengenezi mashine. Tunasomea mifumo ya habari. Ofisi ijue nini, imwambie nani, na lini."

"Sasa hiyo kazi iko wapi?" akauliza mzee wa kofia ya sufu. Mama akamgeukia bintiye kusikia jibu. Nadhani swali hilo alikuwa amekuja nalo kutoka nyumbani kwao Kiganjo.

Msichana akatazama nje, ambako mlima ulikuwa ukijivua mawingu polepole, kisha akamgeukia mzee. "Guka, babu, wewe ungetaka kuambiwa nini kabla utoke nyumbani?"

Mzee akafumba macho. "Kama faili yangu imeonekana. Ndio nisiamke na giza bure."

Mwanamke mwingine alitaka kujua kama viazi vimejaa soko la Nanyuki kabla hajachimba vyake. Sauti zikashuka, kama za watu wanaosimuliana ndoto.

"Sistimu imeamka!" karani akaita. "Nani anafuata?"

Hakuna aliyeinuka. Benchi lote lilikuwa limeshasogea, lakini kuelekea kwa msichana, si dirishani.