Boneti Wazi Kila Jumamosi

Huku kwetu Buruburu, Nairobi, ukitaka kuongea na wanaume, fungua boneti. Usiite mtu, usiseme una shida. Inua boneti tu, isimamishe kwa ile fimbo yake, ushike kiuno uangalie ndani. Dakika tano hazitaisha kabla mwanamume hajatokea na kukuuliza, "Limekataa?" Nyuma yake atakuja wa pili, na huyo wa pili hatakubaliana na wa kwanza hata kidogo. Nimekaa hapa miaka kumi na minane na sijaona ikishindwa.

Mimi sikuwa mtu wa kusimama kwenye boneti za wenyewe. Nilikuwa fundi wa injini za treni kwa miaka thelathini na ushei, na muda mwingi tuliishi Makongeni kwenye nyumba za reli kabla ya kuhamia huku. Mtu aliyezoea kufungua injini ya treni hana subira na maoni ya kila mpita njia. Marehemu mke wangu alikuwa akisema nina ulimi wa kukwaruza. Yeye ndiye aliyesalimia mtaa mzima kwa niaba yetu sote wawili, mimi nikipita nyuma na gazeti kwapani. Alipofariki niligundua kwamba salamu zote zile zilikuwa zake. Watoto wako mbali, wanapiga simu Jumapili, tunaulizana kama mvua imenyesha. Kuna wiki nilifika Ijumaa nikakumbuka kwamba sijazungumza na mtu isipokuwa muuza maziwa, na huyo tulizungumza kuhusu maziwa.

Basi Jumamosi moja asubuhi niliwasha gari letu dogo jeupe la zamani, likatoa moshi mweupe nyuma. Moshi wa namna hiyo asubuhi ya baridi ni kitu cha kawaida, injini ikishapata joto unaisha. Huu haukuisha, na ulikuwa na harufu ya utamu-utamu. Nikafungua boneti. Maji ya rejeta yalikuwa yamepungua tena, na chini ya gari pakavu, hata tone hakuna. Sasa maji yanakwenda wapi? Kama hayamwagiki chini, yanaingia mahali. Nikafungua kifuniko cha oili, na chini yake nikakuta povu zito la rangi ya chai ya maziwa. Hapo hata mwanafunzi wa wiki moja angejua. Ilikuwa gasketi ya kichwa cha injini, ule utando mwembamba unaokaa kati ya kichwa na mwili wa injini ili maji, oili na moto visikutane. Ikitoboka, vinakutana.

Nilikuwa nimeshika boneti niifunge, nikalete spana zangu, jirani wa ng'ambo ya barabara alipovuka. Mzee wa rika langu, mtu wa Nyeri, aliyekuwa na duka la misumari na rangi kabla ya kustaafu. Miaka yote ile tulikuwa tukipungiana mkono tu kutoka getini.

"Limekataa?" akauliza.

"Linakunywa maji."

Akavaa miwani, akainama, akaangalia kwa makini mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Hii ni thamostati," akasema. "Itoe uitupe. Thamostati ya nini na hapa si Ulaya?"

Lo! Kama kuna jambo linalonipandisha hasira ni hilo. Mafundi wa mji huu wametoa thamostati, kile kizibo kinachofunguka maji yakipata joto, kwenye nusu ya magari ya Nairobi, na injini hazijui tena lini zimepata joto na lini hazijapata. Siku nyingine yoyote ningemwambia akauze misumari. Lakini alikuwa amesimama karibu nami, bega lake limegusa langu, ananuka sabuni ya kufulia, na ulikuwa umepita muda mrefu bila mtu kusimama karibu nami hivyo.

"Labda," nikasema.

Neno hilo moja ndilo lililoniponza. Alirudi kwake akaleta maji kwenye mtungi wa manjano wa mafuta ya kupikia, ule wa lita tano, akayamimina mwenyewe polepole kama mtu anayemnywesha mgonjwa. Tukatoa thamostati. Tukaongea mpaka saa sita. Alinieleza juu ya duka lake, juu ya mabati yaliyopanda bei, juu ya mkewe ambaye macho yanafifia. Nilipoingia ndani nikajikuta ninaimba, mimi, peke yangu jikoni.

Jumamosi iliyofuata nikainua boneti tena, na kabla sijaweka fimbo alikuwa anavuka na mtungi wake mkononi. Safari hiyo akasema ni kifuniko cha rejeta. Tukabadilisha kifuniko. Wiki nyingine ilikuwa feni. Halafu mtu mmoja anayepitisha mbuzi kuwapeleka machinjioni Kiamaiko akatushauri tuvunje mayai mawili ndani ya rejeta, eti yataziba, na jirani yangu akataka kujaribu. Nikamzuia kwa kusema mayai ni ya kula. Akaanza kuja na kigoda chake. Nami nikaanza kuchemsha chai ya tangawizi kwenye thamosi, nikaiweka juu ya ukuta wa geti na vikombe viwili. Ndani sikumkaribisha. Ndani kulikuwa na vyombo vya juzi na kiti cha mke wangu.

Nilijua ninachofanya. Nisijifiche hapa. Kila Jumamosi nilikuwa nikiangalia lile povu likizidi, na kila asubuhi mpira wa rejeta nikiubonyeza ulikuwa mgumu hata kabla ya kuwasha, dalili kwamba moto wa injini unasukuma hewa ndani ya maji. Kazi ya siku tatu. Nilikuwa na vifaa vyote chini ya kitanda. Lakini gari likipona, mzee wa watu angevuka barabara kufuata nini? Nilikuwa mpweke, na neno lenyewe mpaka leo linanitia aibu kuliandika. Kwa safari zangu za sokoni gari lilitosha, mradi maji yamejazwa. Hivyo ndivyo tulivyokaa miezi mitatu.

Kisha siku moja akaja katikati ya wiki, bila kigoda. Mkewe alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na baada ya kungoja karibu mwaka mzima alikuwa amepewa siku ya kupasuliwa jicho la kwanza katika hospitali ya umma. Alitakiwa kufika saa moja na nusu asubuhi.

"Jumanne utatupeleka, jirani? Gari langu unajua niliuza. Na yeye anaogopa kupanda la mtu asiyemjua, haoni anakopelekwa."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilikuwa na siku tano, zingetosha hata kulitengeneza. Lakini ningeanzia wapi? Ningemwambia gasketi imekufa, angeuliza nimejua lini.

"Bila shaka," nikasema. "Saa kumi na mbili niko getini."

Nilijiambia asubuhi ni baridi, nitajaza maji, tutafika. Yule mama alikaa nyuma, ameshika mkoba kwa mikono miwili, amevaa kitambaa kipya kichwani. Alinisalimia akiangalia kidogo pembeni mwa uso wangu. "Haki umetusaidia," akasema. "Nikitoka huko nitakuona vizuri, nijue ni nani huyu anayenichukulia mzee wangu kila Jumamosi." Tukacheka, nami nikaondoa gari.

Barabara ya Jogoo ilikuwa imefungana kwa magari. Gari likisimama kwenye foleni halipati upepo, na mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikafungua hita ndani ili ivute joto la injini, nikazima redio kana kwamba ingesaidia. Tulipokaribia Makongeni, mahali nilipoishi nusu ya maisha yangu, mvuke ukatoka chini ya boneti kwa kishindo na injini ikazima. Watu wakapiga honi. Nikasukuma gari mpaka kando na jasho likinitiririka.

Jirani yangu alikuwa ameshashuka. Alikuwa na mtungi wake, alikuwa ameujaza na kuuweka kwenye buti bila kuniambia. Akafungua boneti, akakunja kitambaa mkononi, akashika kifuniko cha rejeta aanze kukizungusha.

"Wacha!" nikapiga kelele. "Usifungue, itakuchoma uso! Maji hayatasaidia kitu, ni gasketi ya kichwa!"

Mkono wake ukabaki pale pale juu. "Umejuaje?"

Ningeweza kusema nimejua sasa hivi, kwa ule mvuke. Angeniamini, alikuwa ameniamini kwa kila kitu. Lakini nilikuwa nimechoka na nilikuwa naogopa.

"Nimejua tangu siku ya kwanza."

Akautua mtungi chini taratibu. "Miezi mitatu," akasema. "Miezi mitatu nimekubebea maji. Ukinisikiliza nikiongea upuzi wa thamostati. Ulikuwa unanicheka?"

"La, mzee. Sikukucheka."

"Sasa ulikuwa unafanya nini?"

Niliinama nikauokota mtungi. Magari yalikuwa yakipita, mkewe ametoa kichwa dirishani akiuliza kuna nini, tumefika? Jirani yangu akaita teksi kwa simu, nayo ikakwama kwenye foleni ile ile. Walifika hospitali saa nne na nusu. Orodha ya siku hiyo ilikuwa imefungwa, wakaambiwa warudi baada ya miezi minne.

Gari langu lilivutwa kwa kamba na gari la kukodi mpaka nyumbani, na kesho yake nikaanza kazi hapo nje ya geti. Nilimwaga maji na oili, nikafungua kichwa cha injini, nikakiinua peke yangu na mgongo huu wa uzee. Gasketi ilikuwa imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu, sehemu isiyozidi ukucha wa kidole kidogo. Niliweka rula ya chuma juu ya kichwa nikaona mwanga chini yake. Kilikuwa kimepinda kwa lile joto la Jumanne, kwa hiyo nikakipeleka Eneo la Viwanda kikasawazishwe kwa mashine. Nilipokirudisha niliweka gasketi mpya na bolti mpya. Nilikaza kuanzia katikati nikienda nje, kidogo kidogo, mizunguko mitatu, kwa spana ya kipimo. Nikarudisha na thamostati. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile hata nilipokuwa ninalipwa mshahara. Wanaume walisimama, ndiyo, wakauliza limekataa, wakatoa maoni. Sikumsikia hata mmoja. Geti la ng'ambo lilibaki limefungwa, na Jumamosi ile boneti ikawa kitu cha bati tu. Gari liliwaka mara ya kwanza, bila moshi, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Nilivuka mara moja kuomba msamaha. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Akasema, "Ulinifanya mjinga mbele ya mke wangu," akafunga. Siku ya pili ya hospitali ilipofika, tangu saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikaa ndani ya gari nikiwa nimeliwasha, mshale wa joto umetulia katikati. Walitoka wakaingia gari la mtu mwingine. Alikuwa amemshika mkewe kiwiko, akimwonyesha ngazi kwa maneno. Miezi minne yote mama yule alikuwa akitembea kwa kupapasa ukuta, na mimi nilimwona kutoka dirishani kwangu kila siku.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi, nilikuwa nimefungua boneti tena. Usiniulize kwa nini. Nikasikia hatua, nikageuka. Ni yule mama, peke yake, bila kumshika mtu. Akanitazama usoni sawasawa.

"Kumbe una mvi hivi," akasema.

"Mama."

"Limeharibika tena?"

"Hapana. Liko sawa kabisa."

Akaangalia injini, akaangalia thamosi ya chai juu ya ukuta, akaangalia kile kikombe cha pili nilichokuwa bado ninakitoa. Jicho lile jipya lilichukua muda wake.

"Unajua Jumamosi ile ya kwanza ni mimi niliyemtuma?" akasema. "Tangu auze duka alikuwa anazunguka nyumbani ananichosha. Nikamwambia nenda ukamsaidie yule mzee, anasimama peke yake. Hakujua hata kifuniko cha rejeta kiko wapi." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Si ungevuka tu barabara? Ungevuka ukasema hodi."

Nikamwambia sikujua kufanya hivyo, na kwamba aliyekuwa akijua nimemzika. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Wiki nzima nilifikiria jambo dogo kama hilo kana kwamba nimeambiwa nijenge daraja. Jumamosi iliyofuata niliacha boneti imefungwa. Nikaosha mikono ingawa haikuwa na oili, nikavaa shati lenye kola, nikavuka, nikabisha. Nilisikia kiti kikisukumwa. Ni yeye mwenyewe aliyefungua, miwani iko kwenye paji la uso. Akaangalia juu ya bega langu, kwenye gari.

"Lina nini?"

"Halina kitu," nikasema. "Nimekuja tu."

Hakuachia kitasa, nami nikaanza kugeuka nirudi. Ndani mkewe akauliza ni nani.

"Ni jirani," akajibu, akasogea pembeni ili nipite.