Siku Cherehani Alipolikataa Lori

Marehemu mama mdogo, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa nguo, na mtaa mzima ulimwita Cherehani. Tangu usichana wake alikanyaga cherehani ya miguu kutwa, kitambaa mapajani, pini mdomoni. Homa ya mapafu ilipomlaza hadi majirani wakaanza kunong'ona, aliweka nadhiri: akiinuka, atalivuka jangwa kwa baiskeli, kwa miguu yake mwenyewe, iwe shukrani kwa aliyemwinua. Akainuka. Akajiunga na kundi la waendesha baiskeli, na shemeji yake, mwokaji mikate mwenye kitambi na maneno mengi, akamfuata.

"Nakuja ili apatikane wa kukubeba," alisema.

"Tutaona nani atambeba nani."

Kundi lilikuwa na sheria mbili. Anayepanda lori la mizigo linalolifuata kundi, hata kwa kilima kimoja, anahesabiwa mzigo hadi mwisho wa safari. Na hakuna anayejaza upepo tairi zake. Kila mtu humjazia mwenzake, maana mtu akichoka hujihurumia na kulipua kazi.

Siku ya vilima walianza na mchanga. Walipunguza upepo ili tairi zisizame, wakavuka. Walipofika penye barabara ngumu wakasimama kujaza. Cherehani alimjazia shemeji yake, tairi zikawa kama jiwe. Shemeji naye akashika pampu, lakini kabla hajainama lori likapiga honi: maji ya baridi! Wote wakalikimbilia.

Kisha vikaja vilima. Jua lilikuwa la utosi, na mawe yalirudisha joto usoni. Kilima cha kwanza Cherehani alikipanda wa mwisho, baiskeli ikimvuta nyuma kama mtoto asiyetaka shule.

"Shemeji, leo uzi umekatika?" mwokaji alimpigia kelele kutoka juu.

"Tangulia, kitambi! Ukipasuka nitakushona."

Kilima cha pili wenzake walipotelea mbele. Lori likaja taratibu ubavuni mwake, na dereva akatoa kichwa dirishani.

"Mama, panda. Hakuna atakayekucheka."

"Mwanangu, lori lako ni la masufuria."

"Lakini miguu imekataa, mama."

Neno hilo lilimgutusha. Miguu? Miguu hii? Alijisikiliza. Kifua kilipanda na kushuka sawasawa, magoti hayakuuma. Cherehani ikiwa nzito, fundi halaumu mguu, hutazama gurudumu. Akashuka. Dereva, akidhani amesalimu amri, akamfungulia mlango. Mama mdogo akabonyeza tairi ya nyuma kwa kidole gumba, kikazama kama kwenye unga uliokandwa. Akacheka peke yake jangwani.

"Piga honi," alimwambia dereva. "Niitie mwokaji."

Mwokaji alirudi akiteremka mbio. "Vipi, umekubali lori?"

"Bonyeza hapa."

Akabonyeza. Akayakumbuka yale maji ya baridi, akashika kichwa. "Toba! Kumbe nilikupandisha milima bila upepo! Shemeji, niadhibu."

"Adhabu unayo tayari. Kilima ulichokiteremka utakipanda tena. Jaza!"

Akajaza, jasho likimdondoka kidevuni, naye Cherehani amesimama juu yake kama bosi. Walipopanda, Cherehani alimwacha mwokaji nyuma kwenye kona ya kwanza, akimshukuru Mungu kwa kila mzunguko wa pedali. Lori likawafuata na masufuria yake.

Jangwa alilivuka lote, nadhiri akaitimiza, akarudi kwenye nguo za watu kwa miaka mingine mingi. Mwaka huu, Mwenye roho aliitaka roho yake, na safari hiyo haina wa kurudi kumsaidia mwenzake. Siku ya maziko baiskeli yake ilikuwa imeegemea ukuta wa chumba cha kushonea, tairi zimelala. Waombolezaji walipoanza kutoka kwenda makaburini, mwokaji alipiga magoti pale sakafuni, akashika pampu, akazijaza zote mbili.