Gari Lililokutoa Ndilo Likurudishe

Nilitengeneze gari, au niliache likakatwe? Hilo tu ndilo lililoninyima usingizi, si jini wala mzuka. Nalitaja mapema ili usije ukasema nilikuwa nawaza ya kutisha nikayaota. Nilikuwa nawaza kutu. Haya ninayokusimulia yalinipata nikiwa macho, nimevaa ndala za mama zinazonibana, na ukitaka kuniita mwongo, niite nikishamaliza.

Gari lenyewe ni la marehemu baba yangu, Mzee Abdala. Dogo, jeupe, limenizidi umri. Kutu imelila kuanzia chini ya milango mpaka kwenye buti. Mlango wa nyuma wa kushoto haufunguki kwa ndani. Lazima dereva ashuke akufungulie kwa nje, na abiria wetu wamezoea kukaa wakisubiri kama mabibi harusi. Halafu kuna tundu la sakafuni, mbele, upande wa abiria. Ukipita kwenye dimbwi unaoga miguu. Tundu hilo lina mwenyewe. Baba aliponifundisha kuendesha alikaa upande ule, na kila nikikaribia tuta alikuwa anakanyaga sakafu kwa nguvu, kama vile breki iko kwake. Mama alikuwa akisema kutu imesaidia tu, aliyetoboa ni baba yako.

Kabla ya kuhamia Boko tuliishi Keko, nyuma ya mafundi wa samani, na gari letu lilikuwa pekee mtaani. Wagonjwa, wajawazito, bibi harusi, wote walitoka nalo. Baba alikuwa na kanuni yake, mtaa mzima ukaishika: gari lililokutoa nyumbani ndilo likurudishe. Akikupeleka hospitali, alikuwa radhi kushinda nje kutwa nzima, kiti amekilaza, redio ikikoroma naye akikoroma. Kwake, kumwacha mtu arudi na gari jingine ilikuwa kukosa adabu. Milango hakufunga kamwe. Mwenye shida alikuwa anaingia nyuma, anakaa, ndipo anapiga hodi.

Basi baba akafariki, gari likawa langu, na ndipo nilipopata kazi yangu ya kwanza baada ya chuo, huko Kipawa. Kutoka Boko kwenda Kipawa na gari linalozima kila linapochoka, unaweza kufikiria. Wenzangu kazini walikuwa wananiambia nichukue mkopo, nivute gari la kueleweka. Mama hakutaka kunisaidia kuamua. Alisema tu gari ni lako sasa. Hivi wewe ungefanyaje? Mie ni mtu ambaye hata dawa ya meno naisimamia dukani nikiwaza kama nachagua mchumba. Mwishowe nikampigia simu mnunuzi wa chuma chakavu, akasema atakuja asubuhi. Ndiyo maana sikulala.

Alfajiri adhana ilipoadhiniwa, nikatoka kwenda kukaa garini. Kuliaga, labda. Nikafungua mlango wa dereva, nikaingia, na kwenye kioo cha kati nikamwona mwanamke amekaa nyuma, upande wa kushoto. Kijana, pengine sawa na mie kwa umri, amejifunika kanga mpya mabegani. Harufu ya asumini ilikuwa imejaa gari zima.

Niamini, sikuogopa. Kwa miaka yote hiyo nimewakuta watu wangapi kwenye kiti kile? Nilidhani ni jirani. Akanisalimu, nikaitikia, kisha akanitazama vizuri.

"We si Kaka Abdala."

"Mie mwanawe."

"Aliniambia nikimaliza nitoke tu, gari lipo, atanirudisha Keko."

Kitu kikanipanda mgongoni, nakubali. Lakini alisema kwa upole mno, kama mtu aliyechoka ambaye hataki kusumbua. Nikasema bismillah, nikawasha. Gari ambalo kwa wiki nzima lilikuwa likinikoholea tu, likawaka mara moja.

Hatukuongea sana. Pale Tazara tulipofika kwenye daraja la juu akasogea dirishani kama mtoto, akauliza barabara imepanda juu lini. Nilikuwa nahesabu akilini kila sababu ya kawaida inayoweza kumfanya mtu wa Dar asilijue daraja lile, na nilikuwa nazo mbili tu, zote dhaifu.

Keko mafundi walikuwa bado hawajaanza kuranda mbao. Akanielekeza kwa kidole, kulia, kulia tena, mpaka kwenye nyumba ya baraza refu. Nje dada mmoja alikuwa ameinamia jiko la mkaa, anapika vitumbua, ameipa barabara mgongo. Abiria wangu akamtazama kwa muda mrefu.

"Ule mgongo wangu," akasema, na kikamtoka kicheko kidogo cha furaha. "Mwambie baba yako nimefika."

Nikashuka nizunguke kumfungulia. Nilipofika mlangoni hakukuwa na mtu. Mlango umefungwa, na unajua mwenyewe haufunguki kwa ndani. Kitini pale joto la mtu bado lilikuwepo, niliweka kiganja.

Dada wa vitumbua akageuka. Akanisalimu, akanusa hewani, akauliza nimebeba maua gani. Nikaomba vitumbua. Akanitajia jina lake, Zuhura.

Nilirudi nyumbani na vitumbua vya moto, nikamkuta mama uani. Nikamsimulia yote, nikitarajia anipime homa. Mama akaishika mifuniko ya sufuria kama amesahau inakwenda wapi. Akaniambia zamani, mie nikiwa kichanga, baba alimpeleka jirani yetu kujifungua, binti mmoja aliyeitwa Mwanahawa. Mtoto alipona. Mama mtu hakupona, na wakamleta kwa gari la hospitali. Baba alirudi na kiti cha nyuma kitupu, akasimama barazani kwao akiomba radhi kana kwamba kosa lilikuwa lake. Mtoto yule ndiye Zuhura.

"Baba yako hakupata kulisahau," mama akasema. Akaniangalia. "Na yeye mwenyewe, nani alimtoa hapa?"

Mie. Alfajiri kama ile, nikimpeleka hospitali kwa gari lile lile, yeye amekaa mbele kushoto, kifua kinambana na bado anakanyaga sakafu kwenye kila tuta, ananiambia mwanangu punguza mwendo. Alirudi kwa gari la msiba, na mie nikafuata nyuma peke yangu.

Mnunuzi wa chuma chakavu alipofika nilimpa vitumbua na kumwomba radhi kwa kumsumbua. Akalizunguka gari, akaligonga ubavuni, kutu ikamwagika kama unga wa muhogo. Akasema kijana, hili hata kulisukuma ni dhambi. Nikamwambia najua. Akala, akacheka, akaenda zake.

Siku hiyo hiyo nikalipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Alikata sakafu yote iliyooza, akachomelea bati jipya, nene, kwa sababu nilimsisitizia upande wa abiria usitoboke tena. Mlango wa nyuma wa kushoto nilimkataza asiuguse.

Siku hizi watu wananicheka Kipawa nzima na gari langu lenye viraka vya rangi tatu. Mara mojamoja asumini inanukia kiti cha nyuma, kidogo tu, kama mtu amepita kusalimia. Nawe mwenye gari kuukuu linalokutia aibu, nakusihi: kabla hujamwita wa chuma chakavu, jiulize umemtoa nani nalo nyumbani ambaye hujamrudisha. Ukilikata, atapanda nini?

Mie nilipolitoa tu kwa fundi, sikwenda kazini. Alfajiri iliyofuata nilikwenda kwenye lango la hospitali ile, nikashuka, nikafungua mlango wa mbele kushoto. Mlinzi akaniuliza namsubiri nani. Nikasema baba. Nikangoja kiasi cha mzee kukusanya kanzu yake na kukaa vizuri, nikafunga taratibu, nikashika njia ya Boko. Sikugeuza shingo hata mara moja. Njiani kukiwa kimya, nikaanza kuwaza, kama kawaida yangu, kwamba nimefanya ujinga, kwamba nimepoteza siku ya kazi kwa ajili ya kiti kitupu.

Kabla hatujaingia mtaani kwetu kuna tuta. Nililikaribia kwa kasi kidogo.

Upande wa kushoto, kwenye bati jipya, mguu ukakanyaga.

Nikapunguza mwendo, tukaenda nyumbani.