Taa ya Injini ya Kaka

Mtaani walimwita Bi Dakika, kwa sababu kila mteja aliyeulizia saa yake alijibiwa, "Dakika moja tu," na dakika hiyo iliweza kumaliza wiki nzima. Alikuwa fundi saa kwa miaka thelathini na mbili, mwanamke asiyejua haraka. Lakini mwezi ule haraka ilimkaba koo.

Kaka yake, dereva wa treni aliyestaafu, alikuwa anapoteza macho. Daktari hakumung'unya maneno: la kulia limekwisha, la kushoto limebakiza wiki chache. Kaka hakulia. Aliomba jambo moja tu, aione tena injini aliyoiendesha miaka kumi na tisa, ambayo ilishakatwakatwa kuwa chuma chakavu.

Basi Bi Dakika akanunua injini ya mfano, urefu wa kiganja, akaanza kuibadilisha ifanane na picha ya zamani. Vishikio vya mlangoni alivikunja kwa waya wa gitaa. Honi alizichonga kwa vitufe vya saa mbovu. Kilichomtoa jasho ni taa ya mbele. Alimpelekea kaka taa tatu, na mara zote tatu kaka aliisogeza hadi puani, akaikataa.

"Mdogo wangu, taa yangu ilikuwa na kikofia juu, kama kope. Hii imekodoa macho kama imeona jini."

"Nani ataliona hilo, kaka?"

"Mimi. Kwa sasa."

Neno hilo la mwisho likamchoma. Alizunguka kwa mafundi redio, kwa wauza kamera zilizokufa, kwa wanaouza vitu vya kuchezea vilivyovunjika. Patupu. Na kila asubuhi kaka aliuliza kama taa imewashwa ilhali jua limejaa chumbani.

Jumatatu fundi redio mmoja akamwambia kuna duka la treni za mfano upande wa pili wa mji, ila linafungwa siku hiyohiyo. Alifika akihema, akakuta wapagazi wanapakia masanduku kwenye lori.

"Nimeuza kila kitu kwa jumla, mama," alisema mwenye duka, mzee mwenye magoti mabovu. "Gari linaondoka sasa hivi."

"Dakika moja tu. Natafuta taa ya mbele ya injini."

Mzee alimtazama, akalivuta kopo moja kutoka kwa mpagazi. "Wakimaliza kufunga kamba, basi."

Ndani ya kopo kulikuwa na mamia ya vipande: ngazi, mabomba, magurudumu madogo kama punje za dengu. Bi Dakika akabana lenzi jichoni, akachambua kwa kibano. Nje kamba ya kwanza ikakazwa. Ya pili. Chini kabisa, chini ya vumbi, akaiona: taa ndogo yenye kope.

Akaibana kwa haraka. Taa ikaruka kutoka kwenye kibano, ikapotea.

"Usisogee!" mzee akafoka. Akapiga magoti huku akiguna, akapapasa sakafu. Lori likanguruma. Bi Dakika alisimama kama mlingoti, hata kupumua akaona ni hatari.

"Mama," mzee akasema taratibu, "iko kwenye pindo la sketi yako."

Akaichomoa kwa kucha mbili, akaiweka kiganjani mwa Bi Dakika na kumfunga vidole. "Nenda nayo. Kopo nalirudisha kwa mnunuzi. Hii moja nitamweleza mimi."

Asubuhi iliyofuata, gundi ikiwa imekauka, Bi Dakika aliiweka injini dirishani mbele ya kaka. Kaka akainamisha kichwa, akaitafuta kwa pembe ya jicho, akaipata. Kisha Bi Dakika akauona mkono wa kushoto wa kaka ukinyooka hewani, ukishika kitu ambacho hakikuwepo, ukikivuta polepole.

"Breki zake zilikuwa nzito," kaka akasema. Halafu: "Kioo cha dereva kisafi mno. Changu kilikuwa na ufa."

Bi Dakika akacheka huku machozi yakimtoka, akachukua sindano, akakwangua ufa palepale. Kaka aliitazama injini hadi jua likahama dirishani.

Siku kumi na moja baadaye jicho lilizima, wakiwa wanakunywa chai. Kaka alimwita dada yake kwa sauti ya kawaida kabisa, akamwomba amsogezee kikombe.