Ukurasa Alioruka Fundi

Ilikuwa mwaka ule wa mvua nyingi. Hapana, nakosea, ni mwaka uliofuata, maana mjukuu wangu alishaingia darasa la kwanza na shule ikatuita sisi wazee wa wanafunzi kila Jumamosi, tufundishwe kuwasomea watoto nyumbani. Nilikaa karibu na fundi mmoja wa kuchomelea mageti, kwenye viti vidogo vya kutupandisha magoti hadi kidevuni. Vidole vyake vilijaa makovu ya cheche, akivipitisha chini ya maneno taratibu, kama mtu anayegusa chuma asichojua kama kimepoa. Sauti yake nzito aliishusha, asidhaniwe anafoka. Lakini katika kitabu tulichopewa, ukurasa unaomtaja mama aliuruka kila mara.

“Baba, umeruka,” mwalimu humwambia.

“Karatasi zimegandana, mwalimu.”

“Fundi, hata vitabu unachomelea!” kina mama humtania, naye hucheka nao.

Mkewe tulishamzika, sote tulikuwepo. Binti yake peke yake ndiye aliyeambiwa mama kasafiri. Siku watoto walipoletwa kusomewa, akampakata, akauruka ule ukurasa kama kawaida. Mtoto akaurudisha ukurasa, akasoma mwenyewe: “Ma-ma a-na-ru-di.” Akamgeukia kwa furaha. “Lini, baba?”

Fundi akaanza kuufuta ukurasa kwa kiganja, akaufuta, akaufuta, kana kwamba yale maandishi ni vumbi.

Tulipotoka nikamuuliza mwalimu: mwanangu, kusoma mmetufundisha, ahsanteni, na la kumjibu mtoto huyu, atatufundisha nani?