Kivuli Hakijagusa Pipa

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kayanga, nilikwenda na kufuli langu mwenyewe. Nilikuwa nimeambiwa kila fundi atapewa droo ya vifaa, nami sikuwa mtu wa kuweka bisibisi zangu kwenye droo ambayo ufunguo wake anao mtu mwingine. Mkuu wa Karakana aliniona nikilifunga akacheka mpaka akaketi. Mimi sikucheka. Baba yangu alikuwa muuza duka Nkwenda, na kabla sijajua kusoma alishanifundisha kukagua gunia la maharage kwa kuzamisha mkono hadi chini, maana juu kila mtu huweka yaliyo mazuri. Nilikua hivyo, na nimezeeka hivyo.

Karakana yetu ilitengeneza vifaa vya maghala ya kahawa: mizani ya kielektroniki, na kamera za ulinzi. Mimi nilitoka kwenye kutengeneza redio, lakini Mkuu wa Karakana aliniweka upande wa kuandika viendeshi. Kiendeshi ni programu ndogo inayokaa kati ya mfumo endeshi na kifaa. Mfumo unasema "nataka picha", kiendeshi ndicho kinachojua kamera iamshwe vipi, ilishwe nini, na ilazwe vipi. Mtumiaji hakioni. Kikikosea, yeye huona picha tu na kuamini alichokiona.

Siku hiyohiyo niliwekewa mezani bodi yenye kamera isiyotoa picha. Nikapima umeme, upo. Nikafuata waya mmoja mmoja, mizima. Nikaanza kumshuku aliyetuuzia, na nikasema hivyo kwa sauti. Mkuu wa Karakana alikuwa anakunywa chai, hakugeuka hata kidogo.

"Umeipa mapigo?" akauliza.

Sikujua anasema nini. Basi akanieleza, na maelezo yale ndiyo yaliyonilisha miaka yote. Kamera haina moyo wake. Inategemea mapigo ya umeme kutoka kwenye bodi, mamilioni mengi kwa sekunde, yanayozaliwa na kipande kidogo cha kioo kinachotetemeka. Bila mapigo hayo kamera ni jiwe, hata ukiijaza umeme. Kiendeshi hakiyachukui mapigo kienyeji tu. Kwanza kinayaomba kwa msimamizi wa mapigo aliyemo ndani ya mfumo endeshi, kisha kinapanga kasi, kisha kinawasha. Wakati wa kuzima unarudi kinyumenyume, na ulichoomba unakirudisha. Niliandika mistari mitatu, kamera ikaamka, ikaonyesha uso wangu umenuna.

Alinipa sheria moja zaidi, na hii ishikeni vijana. Chanzo kimoja cha mapigo huweza kulisha vifaa viwili, kama bomba moja la maji linavyokwenda nyumba mbili. Wa nyumba ya pili akifungua zaidi, wa kwanza atayaona mabadiliko wala hataambiwa sababu. Kwa hiyo kiendeshi kikishapanga kasi yake, kiiwekee kufuli ndani ya mfumo ili mwingine asiiguse. "Wewe mwenye kupenda makufuli, hilo halitakushinda," alisema. Nilimjibu kwamba hilo hata usingizini silisahau.

Nililisahau.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Rubwera, chini ya Mhandisi Mkuu, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi vizuri na maneno laini. Sikumwamini tangu siku ya kwanza, kwa sababu alikuwa anakubali kila kitu. Yeye ndiye aliyeleta kazi ya chama kimoja cha wakulima kule Nkwenda: kamera mbili kwenye bodi moja. Ya kwanza ikae juu ya mlango wa ghala ikitazama uani, ya pili juu ya mizani, iwake tu siku za kupokea kahawa. Kila picha igongwe muda wake, saa na dakika.

Hapo ndipo kushuku kwangu kuliponipoteza. Njia ya kawaida ilikuwa kiendeshi kisome muda kutoka saa ya mfumo. Nikajiuliza, je, kama karani mwizi ana nywila? Si atairudisha saa nyuma, aibe, kisha airekebishe? Nikaona afadhali nihesabu mapigo yenyewe. Asubuhi bodi ikiwashwa, kiendeshi changu kilisoma muda mara moja tu, kisha kutwa nzima kilihesabu mapigo ya kamera na kujumlisha. Nikajipongeza, maana mapigo hayana mkono wa mtu. Nilijaribu kamera ya mlango wiki nzima, ikaenda sawa. Nikajaribu ya mizani, ikaenda sawa. Kuziwasha zote mbili kwa pamoja kutwa nzima, sikufanya. Na lile kufuli la kasi, katika kushughulika na wezi wa kufikirika, sikuliweka.

Msimu wa kahawa ulipopamba moto nikaitwa Nkwenda. Magunia mawili ya kahawa yalikuwa yamepotea. Kamera ya mlango ilimwonyesha mtunza ghala, Kokugonza, mjane mwenye asili ya Nyaishozi, akitoka na gunia kichwani saa kumi na mbili kasoro dakika sita jioni. Ghala hufungwa saa kumi na moja, na walinzi huja baadaye, kwa hiyo saa hiyo uani hapakuwa na mtu wa kumwona. Kamati ya chama ilitaka fundi aje athibitishe kwamba picha haijachezewa. Baada ya hapo angefukuzwa kazi na kukabidhiwa polisi. Alikuwa na mabinti wawili shuleni na migomba michache tu ya marehemu mumewe. Mjini walishamhukumu. Kila nilipopita walisema lisemwalo lipo.

Nami nilimhukumu, sifichi. Nilikwenda kumwona mchana katika chumba alichopanga nyuma ya ghala, nia yangu ikiwa kumnasa kwa maneno yake mwenyewe. Aliniamkia vizuri, akiniita Mama Nasra kama wote wanavyoniita, akanipa kigoda, akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na majani kisha zikaanikwa, ambazo mgeni kwetu hapaswi kuzikosa. Akanimiminia kiganjani. Nikazishika tu. Zamani mwenyeji alitafuna ya kwanza mgeni akiona, ili ajue hamna sumu. Siku hizi ni wachache wanaolidai jambo hilo, ni kama kumwita mtu mchawi. Mimi nilimtazama nikingoja.

Alielewa. Akachukua punje moja kutoka kiganjani mwangu, akaitafuna, akaimeza, akafungua mdomo nione. Hata hivyo sikuzila. Nilizitia kwenye mkoba.

Alisema gunia lile lilikuwa na magunia matupu yaliyochanika, aliyopewa na Katibu wa chama ayashone. Aliyabeba kabla ya kufunga, watu wakiwa bado kazini. Katibu nilishamhoji. Alikiri kumpa magunia machakavu siku ile, ila akasema hayo aliyachukua mapema, la jioni halijui. Aliyasema huku akitazama viatu vyangu. Basi nikampelekea Kokugonza picha mbele ya uso, nikamwonyesha muda uliogongwa chini yake.

Hakutazama muda. Aliitazama picha kwa utulivu, kisha akaweka kidole chini ya miguu ya yule mwanamke aliyebeba gunia.

"Mama Nasra, kivuli hakijagusa pipa," alisema.

Nikamwuliza kivuli gani. Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Uani kuna pipa la maji. Wanawake wanaoanika kahawa pale hawatazami saa, kwani jua ndilo linalowapangia kazi. Kivuli cha paa la ghala kikigusa pipa wanaanua, kavu au mbichi, kwa sababu baada ya hapo umande haukawii. Walifundishwa hivyo na waliowatangulia. Katika picha mikeka ya kahawa ilikuwa bado imetandazwa, na kivuli kilikuwa bado hatua mbili nzima kabla ya kulifikia pipa.

"Kama ni saa kumi na mbili," akasema, "mbona hatujaanua?"

Nilitoka pale na hasira. Nilidhani ameandaa maneno, tena maneno mazuri mno. Nikaenda kusimama kando ya pipa na saa yangu ya mkononi, wanawake wakinitazama na kunong'ona kwa Kinyambo, lugha ya kwetu, wakidhani siielewi. Kivuli kiligusa pipa saa kumi na moja na nusu. Wakaanua. Ilipofika saa kumi na mbili kasoro dakika sita, kivuli kilikuwa kimelivuka pipa kitambo na ua ulikuwa mtupu. Basi picha ile haikuwa ya saa hiyo. Lakini bado nilikuwa natafuta mwizi. Nikawaza ni Katibu, ameingia kwenye mashine, amebadilisha muda.

Asubuhi nikafungua kompyuta yangu nikaiunganisha na bodi. Kamera ya mlango ilikuwa inakwenda sawasawa na saa yangu. Hapakuwa na alama ya mkono wa mtu. Kisha nikakumbuka kwamba siku ya tukio ilikuwa siku ya kupokea kahawa, na leo haikuwa. Nikawasha kamera ya mizani, nikaketi. Baada ya dakika arobaini, kamera ya mlango ilikuwa mbele kwa dakika tano.

Loo! Kamera ya mizani ilihitaji mapigo ya kasi zaidi. Ilipowashwa, kiendeshi chake kiliomba kasi hiyo kwenye chanzo kilekile, na kwa kuwa sikuweka kufuli, msimamizi wa mapigo alikubali. Kamera ya mlango ikaanza kupokea mapigo mengi kuliko iliyozoea, na kiendeshi changu kikaendelea kuyahesabu kwa mahesabu ya zamani. Kila saa nane za kweli kikaziita tisa. Kokugonza alitoka saa kumi na moja kasoro dakika tano, ghala likiwa wazi, Katibu mwenyewe akiwa pale mizani. Nilishuku makarani, nikashuku walinzi, nikashuku wauza vifaa, na mkono wangu mwenyewe sikuushuku. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikampigia simu Mhandisi Mkuu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi.

"Mama Nasra, kiendeshi hakina kosa mpaka sisi tuseme kina kosa," alisema. "Thibitisha kwamba picha haijachezewa. Huo ni ukweli. Urudi Rubwera, turekebishe kimyakimya. Huyo mama ataomba msamaha, wazee watamsamehe."

"Aombe msamaha wa nini?"

Akaniambia tu nifikirie vyama vingine vilivyonunua bodi zetu. Nami nikavifikiria, ila si kwa namna aliyotaka. Nikafikiria ni milango mingapi ina kamera yangu juu yake, na nani mwingine anaulizwa alikuwa wapi.

Alasiri ile kamati ilikaa ndani ya ghala. Kokugonza aliwekwa kwenye benchi karibu na mlango, mikono mapajani. Mwenyekiti akaniuliza kama picha imechezewa. Nikasema haijachezewa, lakini ni ya uongo, na aliyeiandikia uongo huo ni mimi. Nikawasha kamera zote mbili, nikaweka saa yangu mezani, nikawaambia tungoje. Tulingoja. Wazee waliona kwa macho yao kamera ikikimbia, saa ya mezani ikibaki nyuma. Kisha nikawatoa nje nikawaonyesha pipa. Katibu ghafla alikumbuka magunia machakavu, na saa aliyoyatoa. Kokugonza aliinuka kwenye benchi. Alikwenda kuanua, kwa kuwa kivuli kilikuwa kimefika.

Alirudishiwa funguo zake. Mimi nilirudishwa Kayanga, kwenye meza ileile ya siku ya kwanza, na droo ileile. Sikuonewa. Nilizunguka ghala kwa ghala nikirekebisha bodi zote: muda usomwe kwenye saa ya mfumo, kasi ifungwe, kamera zote zijaribiwe kwa pamoja. Hapo nilifanya kazi hadi kustaafu. Yale magunia mawili hayakuonekana. Ninaye mtu ninayemshuku hadi leo, na jina lake silitamki, kwa sababu sasa najua kushuku kwangu kunaweza kumfanya nini mtu.

Vijana huniuliza kama kuandika viendeshi kunataka mtu asiyeamini. Nawaambia ndiyo, kunataka, lakini zamisha mkono kwenye gunia lako kwanza, hadi chini. Usikae unapekua ya wenzako.

Mwezi uliopita nilipanda bodaboda hadi Nyaishozi, kumtembelea Kokugonza. Naye ameacha kazi, yuko kwenye migomba yake, mabinti wamekuwa watu wazima. Walikuwapo majirani wawili barazani. Alinikumbatia kwa furaha, na nilijua furaha ile haikuwa ya kuigiza. Akaleta kikapu kidogo. Akawamiminia majirani viganjani, wakatafuna huku wakiendelea na mazungumzo yao. Alipofika kwangu akasimama. Akachukua punje moja, akaitafuna mbele yangu, akaimeza, akafungua mdomo nione. Ndipo akanimiminia.

Niliona aibu mpaka machozi yakanilengalenga. Nikamwambia, "Kokugonza, si lazima."

"Najua, Mama Nasra," alisema, akitabasamu. "Lakini wewe nakufahamu."

Nilizitia zote mdomoni kwa pamoja.