Watoto wa Njiani

Kijijini kwetu, kati ya Lweba na Baraka, kuna watoto tunaowaita watoto wa njiani. Hawakuokotwa wala hawakutupwa na mtu. Mama zao waliwazaa kando ya barabara kwa makusudi, nyumba zao zikionekana kutoka pale pale walipokaa, na waliofanya hivyo walikuwa na akili zao timamu. Walikuwa wanaogopa sheria.

Sheria yenyewe mimi niliipigia makofi. Ilisema mwanamke asizalie nyumbani, azalie kituo cha afya, ng'ambo ya mto. Familia itakayokaidi itatoa mbuzi wa amande, yaani faini, na mkunga aliyemzalisha atatoa wake. Mkunga atakayemsindikiza mjamzito hadi kituoni atapewa sabuni na kitenge. Reko, yaani mwanakijiji anayetumwa na kituo kupita nyumba kwa nyumba, aliahidiwa baiskeli mpya iwapo msimu wa mvua utaisha bila mtoto hata mmoja wa nyumbani. Niliona hapo wakubwa wametumia akili. Mama yetu alifia nyumbani kwa kutokwa na damu, siku aliyomzaa mdogo wangu, na aliyemzalisha ni koko, bibi ambaye hadi leo ndiye mkunga wetu. Nilikuwa msichana. Nilitumwa maji, nikarudi nikakuta wanawake wamenyamaza.

Ila sheria haikusema kitu juu ya mwanamke aliyezidiwa njiani. Huyo hakutozwa chochote. Basi wanawake wakajifunza: uchungu ukianza, unatoka na beseni lako na vitenge vyako, unakaa kwenye kibanda cha kuuzia mihogo kando ya barabara, unasema unaelekea kituoni. Mtoto akitoka, amezaliwa njiani. Mkunga anapona, familia inapona, na reko bado ana baiskeli yake ya kuiota. Tulichekeana sana kwa jambo hilo. Mimi niliacha kucheka siku ilipofika zamu ya mdogo wangu.

Uchungu ulimshika mapema kuliko tulivyotegemea. Mume wake alikuwa ziwani. Tulisikia mto kabla hatujatoka uani, na ukisikia mto wetu kutoka uani ujue umejaa. Nilitaka abaki ndani. Koko alinikatalia bila hata kuniangalia.

"Mumutoshe inje. Akizalia mu nyumba, ni amande yangu na yenu."

Tukamkalisha kibandani. Makuti yalikuwa yanavuja, na mvua ilikuja ya upande, ikamlowesha hadi meno yakagongana. Koko alisimama mbali kidogo, mikono ameikunja kifuani. Kumsindikiza kuna sabuni, kumshika kabla hajazidiwa kuna mbuzi, na alitaka kichwa cha mtoto kionekane kwanza ndipo aweze kusema hakuwa na namna. Nilimchukia. Halafu nilikumbuka mikono ile ile ikimshika mama yangu, nikaogopa imguse mdogo wangu kuliko nilivyoogopa isimguse. Sikujua nimwombe asogee au akae huko huko.

"Yaya," mdogo wangu akaniambia mimi dada yake, "naogopa. Nitakufa sawa na mama."

Nilimwambia anyamaze. Nilimfokea, kwa kweli, kwa sababu nilikuwa nawaza hilo hilo. Na jua lilikuwa linashuka. Jioni barabara ile si ya kukaa. Wenye bunduki wakishuka kutoka mlimani hakuna anayewauliza ni wa upande gani, kila mtu anafunga mlango wake na kunyamazisha watoto. Nilianza kuangalia milango ikifungwa mmoja mmoja.

Ndipo nikaona gile ya njano, kizibao cha kazi, inakuja kutoka upande wa mtoni. Alikuwa reko. Nyumba yake ilikuwa pale pale, mkabala na kibanda, na huyo ndiye jicho la sheria. Niliruka na uongo wangu kabla hajafungua mdomo.

"Tuko mu njia, papa! Tunaenda ku lopitali."

Aliangalia beseni. Akamwangalia mdogo wangu, akamwangalia koko kule aliposimama.

"Munaenda namna gani? Maji imejaa. Miti ya daraja imeshaenda." Akafungua mlango wake. "Mumuingize kwangu."

Hakuna aliyesogea. Koko aliuliza: "Na amande, papa?"

"Koko, osha mikono."

Mke wake alikwisha kuweka maji jikoni. Tulimlaza mdogo wangu kwenye kitanda chao, kwenye shuka zao, na koko akaosha mikono hadi viwikoni, akamsogelea. Mtoto alitoka akilia, msichana. Nilianza kumshukuru Mungu kwa sauti, kisha nikaona uso wa koko. Kondo la nyuma lilikuwa limetoka, lakini damu haikusimama. Koko alikuwa anamsugua mdogo wangu tumbo, na midomo inamcheza. Nilijua uso ule. Niliwahi kuuona nikiwa na ndoo ya maji mkononi.

Reko aliniita mlangoni, nikamwambia. Alikimbia. Sikumwona, lakini waliokuwa mtoni wakingoja maji yapungue walinisimulia baadaye, na kila mmoja alisimulia sawasawa. Alisimama ukingoni na gile yake akapiga kelele kuelekea ng'ambo:

"Muite munganga! Mwanamuke amezalia kwangu, mu nyumba, na damu haisimame!"

Hakusema njiani. Mtu wa njiani angengojewa afike mwenyewe. Muuguzi wa kituo alivuka kwa kamba, maji kifuani, mkoba kichwani, watu wakimshikilia, na aliingia mle ndani giza likianza. Alimchoma sindano mdogo wangu, akamkandamiza tumbo kwa ngumi, akimfundisha koko namna ya kushikilia. Nilikaa chini nimeshika kisigino cha mdogo wangu kwa sababu hapo tu ndipo palikuwa na nafasi. Kilikuwa baridi. Baadaye kikapata joto.

Kwenye mkutano wa kijiji alikuja mkubwa mmoja kutoka biro, yaani ofisi ya afya. Akauliza mtoto yule alizaliwa wapi. Nilisimama haraka nikasema njiani, na watu wakaitikia njiani, njiani. Hata mkubwa mwenyewe alikuwa tayari kutusaidia.

"Mlango wako uko karibu kabisa na barabara, si ndiyo, papa?"

"Amezalia kwangu. Ku kitanda yangu." Mke wake alimvuta mkono wa shati, yeye akaendelea. "Nikisema njia, kesho batatoka tena inje mu mvua."

Mkubwa aliangalia chini. Kisha akasema sheria haichagui nyumba ya mtu, na kama ataiachia kwa mmoja atashindwa kwa wote. Reko alivua gile pale pale, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. Mbuzi walitolewa, wa kwetu, wa koko na wake, kwa kuwa nyumba ilikuwa yake. Baiskeli ilikwenda kijiji kingine. Mimi niliyesema uongo mbele ya wote, hakuna aliyenigusa.

Reko mpya ni mkali. Anapita asubuhi na jioni, na kibanda cha mihogo kimeezekwa upya, kwa sababu wanawake wanakitumia.

Mdogo wangu ana mimba tena, na mvua zimeanza. Jana alikuja kwangu na msichana wake mgongoni, akaniuliza, huku akichezea ncha ya kitenge, kama yule baba bado anakaa mkabala na kibanda. Nikamwambia anakaa.

"Na mulango yake, yaya? Angeweza kutufungulia tena?"

Nilimwambia ndiyo, bila kusita, ili alale usingizi. Nyumba yake iko karibu, ningeweza kwenda kumwuliza leo hii. Sijaenda. Naogopa atakachosema.